Alama ya Kidole Kwenye Utando

Jumanne, Mwanga.

Kumekucha na joto la kubana, lile la mvua inayotishia na haiji. Ziwa lilikuwa jeupe kama maji ya kuoshea mchele, na milima ya ng'ambo, ya Kongo, haikuonekana kabisa. Niliamka na furaha. Naliandika hilo kwanza, kwa sababu nikifika mwisho wa ukurasa huu mimi mwenyewe sitaliamini.

Leo Mwavita amefukuzwa kazi.

Mimi ndiye niliyemfukuzisha.

Sitaandika kwa kulia. Siku hizi kila anayefanya ubaya anauandika kwa kulia, kisha watu wanampa pole yeye na kumsahau aliyeumizwa. Nikipewa pole hapa nitaifuta.

Kwa anayepita kwenye blogu hii mara ya kwanza: naitwa Atupele, kwetu ni Tukuyu, na kilichonileta Kigoma ni kazi. Karakana yetu iko nyuma ya maduka ya mafundi cherehani hapa Mwanga. Tunatengeneza taa za sola za wavuvi wa dagaa. Ndani ya kila taa kuna kifaa kidogo kiitwacho kapasita, ambacho kazi yake ni kumeza umeme na kuutema pale taa inapouhitaji. Tulizokuwa tunanunua zilikuwa zinakufa mapema kwa joto na unyevu wa ziwani. Mvuvi yuko katikati ya maji, taa inaanza kupepesa, dagaa wanatawanyika, na asubuhi matusi yote yanaletwa mlangoni kwetu. Ndipo Mhandisi Festo, bosi wangu, akasema tutengeneze zetu wenyewe. Wafadhili kutoka Dar wakakubali kutujaribu. Leo walikuja kuona kama tunaweza.

Roho ya kapasita ni utando wa plastiki unaokaa kati ya karatasi mbili za alumini na kuzuia umeme usivuke. Ni plastiki ya ukoo mmoja na kiroba cha mahindi, ila hii imesafishwa. Inakuja ikiwa chembe chembe. Tunazikausha, tunaziyeyusha kati ya sahani mbili za chuma kwenye mashine ya kukandamiza, tunapata kipande kinene kama ngozi ya kiatu. Halafu ndiyo inaanza kazi yenyewe. Kipande kinabanwa kwenye fremu pande zote nne, kinaingizwa kwenye kisanduku cha moto, na kikishalegea kinavutwa kwa mpini wa kuzungusha, kwanza urefu, kisha upana, hadi kiwe chembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu. Ukivuta kwa pupa kinachanika. Ukivuta kingali baridi kinaingia weupe, na weupe ni ugonjwa. Kikishavutika kinaachwa kitulie kwenye moto kikiwa bado kimebanwa, ili kisahau kurudi kilikotoka.

Maadui zake ni vumbi, unyevu na mafuta. Mahali palipo na uchafu, hata usioonekana, umeme unapatafuta na kupita hapo hapo.

Na sasa niseme kitu ninachokipenda katika kazi hii, maana leo kimenionyesha sura yangu. Kujua utando una nguvu kiasi gani, unauweka kwenye mashine ya kupimia na kupandisha volti, unapandisha, unapandisha, hadi utoboke. Hakuna njia nyingine. Uliopimwa umekufa, na utakaoutumia hukuupima. Mwanzoni niliwaonea huruma wale wanaokufa. Siku hizi nasimama pale nikiwa na kikombe cha chai.

Mwavita ndiye mvutaji wetu. Ni msichana wa Ujiji, ameolewa na mvuvi ambaye wiki nyingi yuko Mwamgongo kwenye dagaa. Ana subira ya mkono ambayo mimi sina. Mimi nikivuta vipande, vinachanika vingi kuliko vinavyopona, na huwa navitukana. Yeye huzungusha mpini huku akiangalia pembeni, kama anayemsikiliza mtu wa chumba cha pili, na utando unatoka sawasawa kila upande.

Mwavita amejifungua juzi juzi. Arobaini yake haijaisha.

Nilijua. Nilienda hospitali kumwona, nikapeleka sabuni na khanga. Lakini tarehe ya wageni ilipotajwa, na Yusta, anayeviringisha utando uliokwisha kuvutwa, akajaribu kuvuta akachana kila kitu, nilichukua simu. Sikumwamuru, nina ujanja zaidi ya huo. Nilimwandikia kwamba kama hawezi nitaelewa, ila Mhandisi anatafuta mtu mwingine wa kudumu. Mhandisi hakuwa anatafuta mtu yeyote.

Akaja. Alimwacha mtoto kwa mama mkwe, akawa anakuja asubuhi na kuondoka mchana, gauni limelowa maziwa kifuani. Jana nilimwambia asimame mbali kidogo na kisanduku cha moto asije akakidondoshea maziwa. Nilisema kwa utani. Yusta alicheka. Mwavita alisogea.

Sasa habari ya mise.

Kwa watu wa Ujiji mzazi hakai mkavu. Asubuhi anaogeshwa maji ya moto, anakandwa, kisha anapakwa mafuta ya mise, yale meusi yanayokamuliwa kwenye kokwa za mchikichi, kuanzia utosini mpaka kwenye nyayo. Anayempaka ni mama mkwe. Mzazi mkavu ni aibu ya nyumba. Jirani akimwona atasema binti wa watu katelekezwa. Mafuta yale yana harufu nzito ya moshi, na yanashika. Siku zilizopita Mwavita alikuwa akija nayo mwilini, sisi tunamfuta mikono kwa spiriti, anavaa glavu, anafanya kazi. Mimi mwenyewe nilikuwa naikagua mikono yake kwenye mwanga wa dirisha kabla hajagusa kitu.

Leo asubuhi glavu zilikuwa zimebaki jozi chache tu. Niliziweka kwenye sinia, nikazifunika kwa kitambaa cheupe. Zilikuwa za wageni. Walitaka kupiga picha wakiwa wameshika utando, na nilitaka picha hizo zipendeze.

Spiriti ilikuwa imebaki chupa moja ndogo. Niliitia kwenye mkoba wangu ili isichezewe.

Mwavita aliingia mapema, akasimama mlangoni, hakuvuka. Alinionyesha viganja kama mtoto anayekaguliwa kucha.

"Shikamoo, Dada Atu. Mama leo kazidisha, kanipaka mikono yote. Nilishindwa kumkatalia, kulikuwa na wageni wamekuja kuona mtoto. Naomba spiriti."

"Spiriti ni ya kufutia sahani za mashine," nikamwambia. "Kanawe kwa sabuni."

"Sabuni haiyatoi yote, Dada. Basi labda leo avute Yusta."

"Yusta atavuta nini? Mwavita, wageni wanaingia sasa hivi. Kanawe."

Akaenda kwenye ndoo. Nilisikia akisugua kwa muda mrefu. Aliporudi alisema, "Nimenawa, Dada," na akabaki amesimama, akisubiri nimpeleke dirishani kama siku zote. Mimi nilikuwa nimeshika kioo, napaka wanja. Nikamwonyesha fremu kwa kidevu.

Akavuta.

Wageni walikuwa watatu. Wanaume wawili wa kawaida, wa kutikisa kichwa kwa kila kitu, na mama mmoja mwenye miwani ambaye hakutikisa kichwa hata mara moja. Mhandisi Festo alikuwa amevaa tai. Tuliwatembeza, tukawapa soda, tukawavisha glavu, wakapiga picha na utando. Mwavita na Yusta walikuwa wamesimama ukutani na makoti meupe. Nilijisikia mtu mkubwa. Nilieleza kila hatua, na nilipofika kwenye mashine ya kupimia nikatoa ile sentensi yangu, kwamba utando hauna namna nyingine ya kueleza nguvu zake isipokuwa kufa. Wakacheka. Yule mama hakucheka.

Nikauweka wa kwanza. Nikaanza kupandisha volti. Hata sikuwa nimefika mbali, nikasikia *tak*.

Ni sauti ndogo mno, kama chawa anayepondwa kati ya kucha mbili.

Nikasema inatokea. Nikauweka wa pili. *Tak*, mapema kuliko wa kwanza. Wa tatu ukastahimili vizuri, ukafika tulikoahidi na kupita, lakini nani alikuwa anauangalia wa tatu? Yule mama alikuwa ameshauchukua wa pili na kwenda nao dirishani. Akaunyanyua kwenye mwanga, akauinamisha huku na huku.

"Hiki ni kidole," akasema.

Tukasogea wote. Kweli kilikuwa kidole, gumba zima, limevutika pamoja na utando hadi likawa kubwa kama la jitu, mistari yake yote inasomeka. Na katikati ya mistari, tundu. Wa kwanza nao ulikuwa hivyo hivyo.

Mhandisi Festo akacheka kicheko cha aibu. Kisha akaacha kucheka. "Cha nani?"

Hapa ndipo nilipokuwa na nafasi. Haikuwa ndefu, lakini ilitosha kabisa. Ningeweza kusema glavu zetu zimevaliwa na wageni wetu. Ningeweza kusema kosa ni langu, sikukagua. Ningeweza hata kukaa kimya tu, tukatafuta baadaye. Nilimwona Mwavita akinitazama, wala hakuwa na wasiwasi. Alikuwa ananisubiri. Alikuwa na uhakika nitasema, kwa sababu mimi ni Dada Atu na asubuhi aliniambia.

Badala yake nikasema, "Toeni mikono."

Nikaanza na Yusta. Nikamshika, nikamwangalia viganja, nikamwachia. Kisha nikamshika Mwavita mkono wa kulia, nikauinua hadi puani, nikaunusa mbele ya watu. Sikuhitaji kuunusa. Nilijua kuna nini tangu asubuhi. Lakini niliunusa, polepole, ili waone kwamba mimi ni mtu wa kutafuta chanzo.

"Mise," nikasema.

Mwavita akafungua mdomo. "Nilimwambia Dada asubuhi kwamba..."

"Uliniambia umenawa," nikamkata.

Ni kweli aliniambia amenawa. Huo ndio uzuri wa neno lile, halikuwa uongo. Lilikaa pale katikati ya chumba na hakuna aliyeweza kulipinga, hata yeye. Maziwa yalikuwa yameanza kumtoka, duara mbili zikawa zinakua kwenye koti jeupe, na wale wanaume wawili wakaangalia soda zao.

Mhandisi akasema samaki mmoja akioza wote wameoza. Akamwambia, kwa sauti ya upole ambayo ni mbaya kuliko ukali, "Mama, nenda nyumbani ukamalize uzazi wako. Huku usirudi tena."

Mwavita akavua koti. Akalikunja vizuri, upande uliolowa kwa ndani, akaliweka juu ya kiti. Hakuniangalia alipopita.

Na sasa sehemu ambayo nikiisoma kesho nitatamani kuifuta. Wageni walifurahi. Walisema kinachoua miradi mingi ni kutojua tatizo liko wapi, na sisi tumelionyesha pale pale, mbele yao, bila kuficha. Mmoja alisema hili ni suala la nidhamu, utengenezaji wenyewe hauna kasoro, tena utando wa tatu umethibitisha. Mradi unaendelea. Mhandisi alinishika bega. Yule mama mwenye miwani, wakati wanaingia kwenye gari, ndiye aliyegeuka na kuniuliza, "Yule mtoto wake ana umri gani?"

Nikasema sijui vizuri.

Najua vizuri.

Mchana Mhandisi akagundua ufunguo wa stoo haupo. Mwavita huwa anaufunga kwenye pindo la khanga, na aliondoka nao. "Ufuate," akaniambia, "wewe ndiye unayepajua kwake." Nilitaka kumtuma Yusta. Yusta alisema tumbo linamuuma. Hakuwa anaumwa tumbo, hakutaka tu kuniangalia usoni, na sikumlaumu.

Nikachukua bodaboda mpaka Ujiji. Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Nilijiandaa kutukanwa. Nilijiandaa na mama mkwe kusimama uwanjani na kumwaga mtama kwenye kuku wengi, majirani wote wasikie. Kusema kweli nilikuwa nautamani ugomvi huo. Ukitukanwa unapata na wewe cha kushika.

Nikapiga hodi. Aliyetoka ni mama mkwe, Bi Zainabu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. Aliponiona alirusha mikono juu.

"Ego, naam! Ndiye huyu! Karibu, mwanangu, karibu ndani! Mwavita katuambia, umemruhusu apumzike mpaka arobaini iishe. Mungu akulipe. Mimi nilikuwa nanung'unika, nasema hao wa kazini gani wasiojua uzazi. Unisamehe."

Mwavita alikuwa amekaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta, mtoto yuko titini. Macho yetu yakakutana. Nikaelewa kila kitu. Mshahara wake ndio unaolisha nyumba ile mume akiwa ziwani, na mama mkwe hakuitaka kazi ya karakana tangu mwanzo. Amefukuzwa leo, na kabla ya kufika mlangoni ameshatunga uongo wa kujisetiri. Na ndani ya uongo huo mimi nimewekwa mtu mwema.

"Karibu, Dada Atu," akasema. Akatabasamu. Ni tabasamu ambalo sijawahi kuliona kwake, limebanwa pande zote nne.

"Shikamoo, mama," nikamwambia Bi Zainabu.

"Marahaba. Kaa. Mpokee mwenzio." Alikuwa na maana ya mtoto. Nikanyoosha mikono. Akanizuia. "Ngoja kwanza. Kwetu mtoto hapokewi na mikono mikavu."

Akachukua chupa ya mise dirishani, akamimina kwenye kiganja chake, akanishika mikono yote miwili na kunipaka. Alinipaka kwa juhudi, kila kidole, mpaka katikati ya vidole, huku akiomba dua ya kunitakia na mimi uzazi.

"Dada hapendi mafuta, mama," Mwavita akasema pale ukutani, sauti yake laini kabisa. "Kazini kwao ni sumu."

"Sumu!" Bi Zainabu akacheka mpaka akakohoa. "Sumu gani hii inayokuza watoto?"

Nikapewa mtoto. Ni wa kike, mzito, anateleza kwa mafuta kama kambale, ana ngumi zilizokunjwa. Nikamsifia kama inavyotakiwa. Nikauliza jina, kwa sababu ndicho mtu anachouliza.

Bi Zainabu akamtazama Mwavita. "Hujamwambia?"

"Nilitaka ajue siku ya arobaini," Mwavita akasema.

"Basi namwambia mimi. La dini ni Salima. La nyumbani tumempa lako, mwanangu. Atupere." Analitamka hivyo, kwa ulimi wa Kiha. "Huyu mama yake alisema, mtoto huyu lazima awe na jina la dada aliyenifundisha kazi. Mimi nikauliza, jina gani hilo la Kinyakyusa? Akakataa katakata. Tangu siku ya saba limesomewa dua."

Mtoto alikuwa ananiangalia, au anaangalia mwanga nyuma yangu, watoto wa umri huo hawajui wanachoangalia. Nikasema asante. Nikasema ni heshima kubwa. Nilisema mambo mengi mazuri, na yote yalitoka bila kukwama. Kama kuna mtu angenipandishia volti saa ile, angeona jinsi nilivyo imara. Mama mkwe wa watu ananibariki kwa ubaya wangu, nami nimekaa pale nikiitikia amina.

Ningeweza kusema hata pale. Lakini ningesema nini ambacho kisingemvua nguo Mwavita mbele ya mkwewe? Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Na ni kweli. Nimegundua leo kwamba mimi huwa na ukweli tayari kila ninapotaka kufanya ubaya.

Nilipoaga, Mwavita akasema ananisindikiza. Mama mkwe alimkataza, mzazi hatoki nje, lakini Mwavita akasema anafika ukingoni mwa ua tu. Akajitanda khanga mpaka kichwani. Kwenye ua wa matete akafungua pindo, akatoa ufunguo, akaniwekea kwenye kiganja. Kiganja changu kilikuwa bado kinateleza.

"Mwavita," nikaanza.

"Usiseme, Dada. Mama anasikia mbali."

Akafunga pindo la khanga upya, ingawa halikuwa tena na kitu cha kufunga.

"Arobaini usije," akasema. "Nitamwambia mama una safari. Kuhusu jina, limeshasomewa dua, sina la kufanya. Ningeweza kulirudisha, ningekurudishia leo leo."

Aliendelea kuniita Dada mpaka mwisho. Kisha akageuka akarudi ndani, na nikasikia Bi Zainabu akimwuliza mbona hakunipa hata mawese kidogo ya kubeba.

Nikampelekea Mhandisi ufunguo wake. Alikuwa na furaha bado. Kaniambia nitafute mvutaji mwingine, na mara hii nihakikishe ni mtu mwenye mikono mikavu. Nikasema sawa. Kabla sijapata mtu, kuanzia kesho nitavuta mimi.

Sasa niko chumbani kwangu, jua linazama, mvua haijanyesha na haitanyesha. Mikono yangu inanuka mise. Simu imenuka mise, shuka limenuka, hata vitufe hivi ninavyobonyeza. Nimeandika ujumbe kwa Mhandisi. Unasema kila kitu: kwamba Mwavita aliniambia, kwamba aliomba spiriti, kwamba sikumkagua. Ni ujumbe mzuri. Nimeusoma mara kadhaa, nikasahihisha hata nukta. Upo hapo juu ya skrini, unasubiri kidole kimoja tu.

Nikajiambia ninawe kwanza, nisichafue simu zaidi.

Nikafungua mkoba, nikatoa ile chupa ndogo ya spiriti. Ilikuwa imejaa. Sahani zenyewe leo asubuhi nilizifuta kwa kitambaa kikavu, nilikuwa na haraka. Nikamimina kiasi cha kifuniko kimoja kwenye kiganja, nikasugua. Nilitegemea nitasugua sana. Nilitaka nisugue sana, mpaka ngozi iwashe, ningeona kama nimelipa kidogo.

Harufu imetoka mara moja. Kifuniko kimoja tu. Nimenusa kulia, nimenusa kushoto, nimeinua viganja kwenye mwanga wa dirisha kama nilivyokuwa nikimfanyia yeye. Hakuna kitu.

Ujumbe bado upo kwenye skrini. Kesho asubuhi kuna vipande vya kuvuta, na mikono yangu ni safi kabisa.